Cinderella wa katuni na Cinderella wa watu: nini hasa kinabadilika?

Tangu filamu mpya ya Snow White, ile hadithi ya binti aliyelishwa tufaha la sumu, itoke mwaka 2025, ubishi haujatulia. Kwenye maduka ya kujaza muvi huku Ngamiani, Tanga, ambako watu huja na flashi zao kuingiziwa filamu, mzazi anataka ile "ya asili", kijana wa dukani anamuuliza, "Ya katuni au ya watu, mama?", na aliye nyuma kwenye foleni anaingilia kati: hizi za siku hizi wameziharibu, mabinti wamefanywa wababe, wanaume hawana kazi tena. Mwingine anamjibu kwamba mbaya ni zile za zamani, msichana kalala tu anangoja busu. Kila mmoja anasema kwa uhakika, na mengi yanayosemwa ni nusu ya ukweli, au yanahusu filamu ambayo msemaji hajaitazama mpaka mwisho.

Ninavyoona, ubishi huu unakwama mahali pamoja. Tunaongea kana kwamba kuna vitu viwili tu, cha zamani na cha sasa. Viko vitatu, na bila kuvitenganisha hatutaelewana.

Cha kwanza ni hadithi yenyewe, ile iliyosimuliwa au kuandikwa kabla ya filamu yoyote. Charles Perrault aliandika za kwake Ufaransa mwaka 1697. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walianza kutoa za kwao mwaka 1812. Hans Christian Andersen wa Denmark alitunga ile ya nguva mdogo mwaka 1837. Cha pili ni katuni, yaani filamu iliyochorwa. Kampuni ya Disney ya Marekani ilianza na Snow White mwaka 1937, akafuata Cinderella 1950, Aurora yule mrembo aliyelala 1959, Ariel yule nguva 1989, Belle wa Mnyama 1991, Jasmine wa Aladini 1992 na Mulan yule binti askari wa Kichina 1998. Cha tatu ndicho kinacholeta kelele: filamu ya watu, katuni ileile ikirudiwa na waigizaji wenye miili yao, hata kama samaki, majini na vibete wanatengenezwa kwa kompyuta.

Anayeomba "ya asili" kwa kawaida anaitaka ile ya pili, aliyoitazama utotoni. Lakini katuni nayo ilikuwa marudio, na ilibadilisha mengi kuliko filamu nyingi za sasa.

Busu ambalo halikuwapo

Kwenye hadithi ya ndugu Grimm, Snow White haamshwi na busu. Mwana wa mfalme analiomba jeneza la kioo, vibete wanamwachia, na watumishi wakiwa wamelibeba wanajikwaa. Mtikisiko unakitoa kipande cha tufaha kilichokwama kooni mwa msichana, naye anafumbua macho. Basi. Busu lililomwamsha, ambalo leo watu wanaligombania kama nguzo ya hadithi, liliingizwa na katuni ya 1937. Tena katika chapa ya kwanza ya Grimm, malkia anayetaka kumuua ni mama yake mzazi. Baadaye ndugu hao wenyewe wakambadilisha kuwa mama wa kambo.

Cinderella ndiyo kabisa. Kiatu cha kioo, boga na mama wa kichawi ni vya Perrault. Kwa Grimm hakuna mama wa kichawi, kuna mti uliootea juu ya kaburi la mama na ndege wanaomwangushia binti nguo. Kiatu ni cha dhahabu, na dada wa kambo wanajikata miguu, mmoja kidole na mwingine kisigino, ili kiwatoshe. Disney ilimfuata Perrault, na sisi tuliolelewa na katuni tukadhani hakuna Cinderella mwingine.

Watu wa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alichukua kisa kutoka Alfu Lela Ulela akakifanya Adili na Nduguze. Kwenye kisa cha Kiarabu mambo yanahusu Basra na Khalifa Harun al-Rashid, na ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert mbwa wamekuwa manyani, Basra imekuwa Janibu, na mfalme ni Rai wa Ughaibuni. Vizazi vimekisoma kitabu hicho shuleni na kukipokea kuwa chetu, wala hatukuona kwamba kuna hadithi iliyoibiwa au kuharibiwa. Na bibi zetu, wakishasema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", walikuwa wakimpima aliye mbele yao kwanza. Mbele ya watoto wadogo zimwi hukimbia, mbele ya wakubwa zimwi hufa.

Kwa hiyo swali la maana si kama filamu ya watu imebadilisha. Lazima ibadilishe. Swali ni imebadilisha nini, na je, badiliko lenyewe limesimama?

Kwa nini mwili wa mtu unalazimisha mabadiliko

Sababu ya kwanza ni ya kawaida sana na watu wengi wanairuka: muda. Katuni ya Ariel ina dakika 83, filamu ya watu ya 2023 ina dakika 135. Belle alitoka dakika 84 hadi 129, Jasmine kutoka 90 hadi 128. Dakika zote hizo lazima zijazwe na kitu, na kitu kinachopatikana kwa urahisi ni maisha ya shujaa kabla ya hadithi kuanza: mama yake alikuwa nani, alikufaje, yeye mwenyewe anaota nini.

Sababu ya pili ni uso. Binti aliyechorwa anaweza kupenda ndani ya wimbo mmoja na mtazamaji akakubali bila kuuliza. Mwigizaji akifanya hivyo, tunaanza kujiuliza kampendea nini. Ndiyo maana Cinderella wa 2015, aliyechezwa na Lily James, anakutana na mwana wa mfalme msituni kabla ya dansa, kila mmoja yuko juu ya farasi wake, wanabishana kuhusu paa anayewindwa, wala hajui kijana huyo ni nani. Kwenye dansa anamtafuta mtu anayemfahamu. Zaidi ya hapo filamu hiyo haikumgeuza sana. Bado anafua, anapika, ananyanyaswa, na ushindi wake ni kumwambia mama wa kambo kwamba amemsamehe. Ilipokelewa vizuri, na wanaodai kila filamu mpya inamfanya binti kuwa mwanajeshi hawaitaji kamwe.

Hapo pia tunaweza kuutazama ule usemi kwamba wanaume wamenyang'anywa kazi. Wana wa wafalme katika katuni za mwanzo walikuwa karibu hawana sura. Yule wa Snow White wa 1937 anaonekana mwanzoni, anaimba, anapotea mpaka mwisho. Filamu za watu zimewaongezea: Kit wa Cinderella ana baba anayekufa naye akiwa kando yake, na Eric wa Ariel amepewa mama aliyemlea, wimbo wake, na chumba kilichojaa ramani na vitu vya baharini.

Nani anashika usukani

Ukizipanga katuni na filamu hizi bega kwa bega, badiliko kubwa linaonekana mahali pamoja: ile dakika ambayo kila kitu kinaamuliwa. Nani anaamua?

Mwisho wa Ariel unalionyesha wazi. Kwenye katuni ya 1989, Ursula, mchawi wa baharini, amekuwa jitu, anakoroga bahari, na merikebu zilizozama zinapanda juu na maji. Ariel yuko chini kabisa ya kizingia, hana pa kukimbilia, na Ursula anamrushia miali. Eric ndiye anayepanda kwenye merikebu moja, anaushika usukani na kuielekeza kwa Ursula. Mlingoti uliochomoza omoni unamchoma na kumuua. Kwenye filamu ya 2023 ni bahari ileile, kizingia kilekile, merikebu ileile iliyooza, omo ileile. Lakini aliyepanda na kuuzungusha usukani ni Ariel. Kuna wanaokasirika kwa hilo. Mimi naliona ni badiliko la haki, kwa sababu hadithi yenyewe imelitayarisha: huyu ni binti aliyezaliwa baharini, aliyetumia utoto wake wote kuchunguza merikebu zilizozama. Na tusisahau kwamba hata kwenye katuni yeye ndiye alimuokoa Eric asizame. Tangu mwanzo hakuwa wa kungoja.

Filamu hiyo ilibadilisha kitu kingine ambacho wengi hawakukiona. Kwenye katuni Ariel, aliyempa Ursula sauti yake ili apate miguu, anajua kabisa kwamba anahitaji kubusiwa ndani ya siku tatu ili abaki binadamu, na siku zote hizo anahangaikia busu. Kwenye filamu ya watu Ursula anamtilia kwenye uchawi dawa ya kusahau sharti hilo. Matokeo yake anapokaa na Eric juu ya zile ramani, hana sauti, hana hila, hatafuti kitu. Anapenda kujua dunia ilivyo, na Eric naye ni wa namna hiyohiyo. Mapenzi yao yamepata mahali pa kukaa.

Badiliko la namna hii linataka kazi, na hapa ndipo nyingi zinapoanguka. Fundi yeyote wa Pangani atakwambia: ukiezua makuti ukaezeka bati, huwezi kuacha mengine kama yalivyokuwa. Mwinuko wa paa la makuti si wa bati, mbao zinapangwa upya, maji ya mvua yanaanguka pengine na kuchimba msingi usipoyatengenezea njia. Ukimpa shujaa uamuzi, lazima upange upya sababu zake, adui yake, na watu wanaomzunguka. Ukibandika bati juu ya boriti zilezile, nyumba itavuja.

Jasmine wa 2019 alijengewa nyumba yake upya. Kwenye katuni anachotaka ni kuolewa na amtakaye, na baba yake Sultani ndiye anayeibadilisha mwishoni sheria ya kumtaka aolewe na mwana wa mfalme tu. Kwenye filamu ya watu, akiwa amechezwa na Naomi Scott, anataka kutawala, na tangu mwanzo tunaoneshwa anavyojali watu wa mji na anavyoambiwa anyamaze. Jafar, waziri mwovu, akishaunyakua usultani, Jasmine anamgeukia Hakim, mkuu wa askari, mtu aliyemfahamu tangu utotoni. Anamkumbusha alivyofika pale akiwa mtoto, baba yake akiwa mtumishi wa jumba hilo, na anamtaka achague. Hakim anageuka, na askari wanamfuata. Jasmine hakushinda kwa upanga wala kwa uchawi. Alishinda kwa kuwajua watu wake, na baba yake anapomkabidhi utawala hatuoni kama zawadi.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wa pwani, tunaoijua Alfu Lela Ulela, tungelisema kwa sauti zaidi. Hadithi ya Aladini iliingizwa kwenye mkusanyo huo na Mfaransa Antoine Galland, aliyeisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Kisyria kutoka Aleppo. Binti wa mfalme humo anaitwa Badrulbudur. Mchawi wa Kimaghribi anapomteka, Badrulbudur ndiye anayemkaribisha kwa tabasamu na kumpa kikombe kilichotiwa dawa kwa mkono wake mwenyewe. Dawa kapewa na Aladini, lakini aliyekaa mezani na adui bila mkono kutetemeka ni yeye. Wanaosema mwanamke jasiri ni jambo la kubuniwa juzi hawajamsoma Badrulbudur.

Pale bati linapovuja

Belle wa 2017, aliyechezwa na Emma Watson, amefanywa mvumbuzi. Kwenye katuni mvumbuzi ni baba yake. Kwenye filamu baba anatengeneza visanduku vya muziki, na Belle anabuni mashine ya kufulia: pipa linalozungushwa na punda, huku yeye akimfundisha msichana mdogo kusoma. Wanakijiji wanachukia na kumwaga nguo zake chini. Ni tukio zuri kulitazama. Halafu linaisha. Uvumbuzi huo haumsaidii ndani ya jumba la Mnyama, haumwokoi, hautajwi tena kwa namna ya kubadilisha lolote. Ukiutoa, hadithi inabaki ilivyo. Belle alikuwa na nguvu tayari, tangu kitabu cha Jeanne-Marie Leprince de Beaumont cha 1756, ambamo anaamua mwenyewe kwenda kwa Mnyama badala ya baba yake. Ile mashine ilikuwa pambo.

Mulan ndiye anayeniuma zaidi. Shairi la kale la Kichina lenye habari zake halina mapenzi wala uchawi. Binti anamhurumia baba mzee aliyeitwa vitani, ananunua farasi sokoni, tandiko soko jingine, anapigana miaka kumi na miwili, anakataa cheo, anaomba kurudishwa kwao. Wenzake wanapokuja kumtembelea nyumbani ndipo wanagundua kwamba ni mwanamke. Katuni ya 1998 ilimwongezea utani na nyimbo, lakini ililinda jambo moja la thamani: Mulan wake hakuwa na kipaji chochote cha pekee. Kambini anaanguka, anachekwa, anaambiwa afungashe virago. Kuna mlingoti mrefu wenye mshale juu, na kila askari anatakiwa kuupanda akiwa na uzito umefungwa mikononi. Wote wanashindwa. Mulan anashindwa usiku kucha, kisha anagundua kwamba vile vizito vinavyomvuta chini vinaweza kufungwa pamoja kuuzunguka mlingoti vikamshikilia. Alfajiri yuko juu.

Filamu ya 2020 ilimpa nguvu ya kuzaliwa nayo. Tangu mtoto anaruka juu ya mapaa, na tatizo lake ni kuificha. Watengenezaji walitaka kumfanya mkubwa zaidi, na wakampunguza. Msichana wa Chumbageni anayetazama katuni anaona mtu kama yeye aliyefikia kwa jasho. Akitazama filamu ya watu anaona mtu aliyezaliwa na kitu ambacho yeye hana. Hapa wale wanaolalamika wana hoja, ingawa hoja yao haihusu ubabe wa mabinti. Inahusu kuondolewa kwa njia ya kuufikia.

Aurora alipata matengenezo ya namna nyingine. Kwenye katuni ya 1959 karibu haongei, kwa hiyo filamu ya 2014 ilimwacha alivyo na kumhamishia uzito yule aliyemlaani, Maleficent. Busu la kijana halimwamshi. Linalomwamsha ni la Maleficent mwenyewe, kwenye paji la uso, akiwa amejuta.

Maneno mawili ya kurekebisha

La kwanza ni kwamba Snow White wa 2025 ameondolewa mapenzi na busu. Hapana. Anampenda Jonathan, kiongozi wa genge la msituni, na busu la Jonathan ndilo linalomwamsha. Kilichobadilika kinakuja baadaye. Kwenye katuni vibete wanamkimbiza malkia naye anaanguka jabalini, huku binti kalala. Kwenye filamu binti anarudi mjini na watu wake, anasimama mbele ya askari na kuwaita kwa majina. Wazo ni zuri, ila limefanywa haraka, na mbinu hiyo Jasmine alikwisha kuitumia kwa kina zaidi. Filamu haikurudisha gharama zake, na ikatangazwa kuwa ushahidi kwamba watu wamechoka na mabadiliko. Lakini Jasmine na Belle, ambao nao walibadilishwa, kila mmoja alipita dola bilioni moja duniani.

La pili ni rangi ya Ariel. Andersen alimwandika nguva wake na macho ya buluu na ngozi laini kama jani la waridi. Hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba hakumpa jina. Jina Ariel na nywele nyekundu vimetoka kwenye katuni. Na hakuna tukio hata moja ndani ya hadithi linalotokea kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Halle Bailey, aliyemcheza Ariel wa 2023, alicheza na dredi zake mwenyewe zikiwa zimezungushiwa nywele nyekundu, na nimemwona binti wa jirani akisimamisha picha kwenye simu ya mama yake, akiivuta karibu, akizitazama zile nywele moja moja. Hakuuliza kwa nini si mzungu. Aliuliza zinakaukaje akitoka majini.

Kilichoachwa na wote

Baada ya kutazama haya yote, ninacholalamikia ni kitu ambacho si katuni wala filamu ya watu imekigusa. Nguva wa Andersen alitaka vitu viwili. Alimtaka yule kijana, na alitaka roho isiyokufa. Bibi yake alimweleza kwamba nguva huishi miaka mia tatu kisha huwa povu la bahari, lakini binadamu ana roho inayoendelea baada ya mwili. Anakatwa ulimi, kila hatua anayokanyaga ni kama kukanyaga visu, na mwishowe kijana anaoa mwingine. Dada zake wanamletea kisu: muue, damu yake imwagikie miguu yako, utarudi kuwa nguva. Anasimama juu yake amelala na mkewe, kisu kikitetemeka mkononi, kisha anakitupa baharini na kujirusha nyuma yake. Haishii kuwa povu. Anachukuliwa na mabinti wa hewani, na anaahidiwa kwamba kwa matendo mema ya miaka mia tatu atajipatia roho yake mwenyewe.

Huyo ni shujaa anayeamua kuliko wote niliowataja, na ameamua akiwa hana sauti, hana mume, hana ushindi wa kuonekana. Katuni ilimwondoa kwa sababu ilikuwa ya watoto na ilitaka harusi. Filamu ya 2023 ilikuwa na dakika 135 na haikumrudisha. Kwa wasikilizaji waliokulia kwenye visa vya majini na kwenye mafundisho ya roho na akhera, sehemu hiyo haihitaji maelezo yoyote. Natamani kuiona ikichezwa na vijana wa pale TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, jukwaani, kwa Kiswahili, na kile kisu kikiwemo.